Mwaka wa Mapezi ya Sufuria

Feza alilala akiwa amesimama. Magoti yake yalikuwa yamekunjwa vizuri kama tulivyofundishwa, muguu wa kushoto mbele juu ya ubao, mukono mumoja ukipapasa wimbi sawa muntu anayepapasa shingo ya ng'ombe, macho nusu wazi, na alikuwa anacheka kidogo. Hakushika kamba. Wimbi la boti lilikuwa linamusukuma nyuma yetu, karibu sana hata ningenyoosha mukono ningemugusa bega. Nikamuita: "Feza!" Hakuitika. Sikushangaa, juu sisi wote tulikatazwa kuitika tukiitwa mara ya kwanza juu ya maji. Mara ya kwanza inaweza kuwa si muntu anayeita. Kisimba aliyekuwa anaendesha hakushangaa pia. Nikangoja kidogo, sawa inavyotakiwa, kisha nikaita tena: "Feza weye!" Hapo magoti yake yakaachia pole pole, sawa muntu anayekaa kwenye kiti nyumbani kwao, akakaa ndani ya maji bila kurusha hata tone. Ubao ukaendelea kutufuata, hakuna muntu juu yake, na ulikuwa unaimba.

Ni miaka mingi sasa. Nimekuwa mama wa watu, meno mawili yameniacha, na kichwa kinaniuma kila asubuhi tangu mwaka ule. Sikuwa nataka kuyaandika. Mimi shule nilifika la nne tu, minerval, ile karo ya shule, ikatushinda, kwa hiyo anayesoma anisamehe nikikosea herufi, na ajue kwetu njo ni ndiyo, na juu mara nyingi ni kwa sababu. Majina sitakosea. Tulimuzika Mama Feza kule Katanika juzi juzi, na pale kwenye kilio, mbele ya sufuria ya bugali, nilisikia maneno ambayo nilikuwa nimeyangoja bila kujua kama nayangoja. Kwa hiyo nitaanza mwanzo, na yule anayetajwa asiseme kwamba sikumutaja.

Mwaka ule vita ilikuwa imenyamaza na watu wenye pesa walikuwa wanarudi Kalemie. Patron Gaston, bosi wetu, alijenga nyumba ya wageni kando ya ziwa Tanganyika, vyumba vyenye feni, baranda ya mbao, jiko kubwa nyuma. Mimi na Feza tulikuwa tunaosha vyombo na kukaanga samaki wa mikeke. Jiko lile ninaliona mpaka leo: dirisha moja dogo lenye wavu, mbabula tatu, majiko yetu ya makala, yaani makaa, zimepangwa chini, ukuta mweusi mpaka kwenye dari, na sisi tunatoka kila mara mulangoni kuvuta hewa, macho mekundu, tunacheka. Mupishi alikuwa anatukaripia: "Mulango huo musifunge hata siku moja! Munataka tuzikwe hapa wote?" Kila mutoto wa Kalemie anajua hilo. Makala na mulango uliofungwa ni kifo. Tulilijua kabla ya kujua sala.

Kando ya jiko kulikuwa na depo ya kuwekea vitu, na ndani ya depo njo mbao za kupandia wimbi zilikaa. Gaston alikuwa ameleta boti ya kuchezea, imetoka Afrika ya Kusini, ikapita Zambia juu ya lori, ikateremshwa Mpulungu na kupanda kwetu kwa maji. Motor yake ilikuwa ndani ya tumbo, si nyuma kama boti zetu. Upande mumoja walikuwa wanaweka magunia ya mupira na kuyajaza maji ya ziwa mpaka boti inainama sawa muntu anayechechemea. Ikitembea vile, nzito na pole pole, inalima ziwa, na upande ule ulioinama linasimama wimbi moja nyuma yake, laini, halivunjiki, halichoki. Unasimama juu ya ubao pale, unaachilia kamba, na wimbi linakubeba bila kamba. Wageni walikuwa wanauliza mara mbili mbili: bila kamba? Bila kamba. Mara ya kwanza kuona, nilikuwa na sahani mukononi kwenye baranda. Muke wa Gaston, Madame Solange, alikuwa anakuja juu ya maji nyuma ya boti, mikono mitupu, hakuna kitu kinachomuvuta. Feza akaniambia kwa sauti ndogo: "Yule hafuati boti. Boti inamukimbia."

Mbao zilikuwa tatu. Depo ile haikuwa na taa, na ukifungua mulango unazikuta zimeegemea ukuta, sawa wagonjwa waliosimamishwa wangoje zamu. Tulizipa majina. Kubwa na nene tuliita Kitanda, juu hata muntu munene alilala juu yake bila kuzama. Ya katikati ilikuwa Mbuzi, inakurusha. Ile fupi na nyembamba, mkia wake umekatwa, ilikuwa Kisu. Solange njo alitufundisha, na sitasema kwamba alifundisha vibaya. Gaston alitaka hivyo. Wageni walikuwa wanaogopa ziwa, na alisema mbele yetu, sawa muntu anayesema mbele ya mbuzi: "Wakiona mabinti wa jikoni wanasimama, watapata haya ya kuogopa."

"Usivute kamba," Solange alikuwa anasema. "Unalala maji, visigino juu ya ubao, unakunja magoti. Boti njo itakuinua. Weye kaa tu, sawa unakaa choo."

"Choo ya kuchimba ao ya wazungu?" Feza akauliza.

"Ya kuchimba. Ya wazungu utasinzia."

Tulicheka mpaka Kisimba akazima motor. Ninaliandika neno lile, kusinzia, kwa sababu sasa halinichekeshi.

Wiki za kwanza tulikunywa ziwa. Kila muntu anayeanza anaangalia miguu yake, na ukiangalia miguu unaanguka. Miguu haikimbii, angalia wimbi. Kisha unajifunza kwamba ubao una breki na mafuta: ukiegemea muguu wa mbele unakimbia, unaikaribia boti, ukiegemea wa nyuma unachelewa, na ukizidi kuchelewa wimbi linakupita na kukuacha pale sawa abiria aliyekosa treni ya Kabalo. Katikati ya hizo mbili kuna mahali padogo, sawa mukeka wa muntu mumoja, ambapo wimbi lenyewe linakushika kiunoni. Ukipapata mahali pale, kamba inalegea. Unaitupa ndani ya boti. Na hapo kunakuja kimya ambacho sijakipata mahali pengine, si kanisani, si kwenye ndoa. Mimi nilipapata juu ya Kitanda. Feza alipapata juu ya Kitanda kwa siku chache tu, akaenda Mbuzi, akaenda Kisu, juu alikuwa mwepesi na mwili wake ulikuwa unasikia mambo kabla ya kichwa.

Mapezi njo yalituletea maneno. Chini ya ubao, karibu na mkia, kuna mapezi kama ya samaki, ndiyo yanashika maji usiteleze. Yale ya plastiki yaliyokuja na mbao yalivunjika juu ya muchanga, siku wageni walipoburuta mbao kama mizigo. Kuagiza mengine ni mbali. Mimi na Feza tukabeba moja lililovunjika mpaka kwa Papa Kaseba, yule aliyekuwa anayeyusha vyuma vya ndege na vya lori na kuvitia katika muchanga kufanya masufuria. Akaligeuza mukononi.

"Hii ni pezi ya samaki gani?"

"Ya muntu, Papa Kaseba."

"Muntu hana pezi."

"Utatufanyia njo atakuwa nayo."

"Mukizama musiseme ni Kaseba," akasema, tayari anapiga muchanga kwenye sanduku lake. "Sufuria yangu haijaua muntu. Mupishi njo anaua."

Akatutolea mapezi mazito, ya kung'aa, ya kila kimo, na tukaanza kuyajaribu asubuhi, wakati upepo haujaamka na ziwa limelala kama mafuta kwenye karai. Ukitia matatu makubwa, ubao unaenda sawa reli, haukuangushi lakini haukusikilizi. Ukiondoa la katikati unageuka vizuri, ila mkia unateleza kama muntu mwenye kandambili juu ya sabuni. Mawili makubwa ubavuni na dogo katikati, hapo nilikaa mimi. Lilinishika na bado liliniachia kupanda na kushuka wimbi. Feza alitaka madogo matatu juu ya Kisu, la katikati jembamba kuliko yote, mpaka aweze kuzungusha ubao wote mgongo mbele na kurudi. Alianguka, akapanda, akaanguka. Midomo yake ilipasuka. Siku alipozunguka na kusimama tena, Kisimba alipiga honi mpaka mbuzi wa kando ya ziwa wakakimbia.

Lakini mapezi yale yalikuwa yanaimba. Ukingo wa nyuma, pale Papa Kaseba alipouacha nene, ulikuwa unatetemeka maji yakipita, na sauti ilikuwa inatoka chini yako, unaisikia kwa mifupa ya miguu kabla ya masikio. Si filimbi, si ngoma. Ni sawa mwanamke aliyefunga midomo na anabembeleza mutoto katika nyumba nyingine. Mimi nilichukua tupa, nikakwangua ukingo mpaka ukawa mwembamba kama wa kisu, na yangu yakanyamaza siku ile ile. Nikamupa Feza tupa. Akakataa.

"Yananiambia mahali niko," akasema. "Yakipanda sauti, niko mbele sana. Yakishuka, wimbi linaniacha. Weye unaangalia. Mie nasikia tu."

Na ni kweli. Alianza kupanda na macho amefunga. Gaston akapenda sana jambo hilo kwa wageni wake.

Kando ya ziwa hawakupenda. Asubuhi zisizo na upepo sauti ilikuwa inatembea mbali juu ya maji, na wanawake wanaofua walikuwa wanasimama na nguo mikononi. Nilisikia mumoja anamuambia mwingine, siku nilipopita na ndoo: "Mwanamke kutembea juu ya maji, na maji yanamuimbia. Umesikia wapi kama si mamba muntu?" Mamba muntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, anayetajirisha watu na kuchukua wa kwao kama malipo. Mama Feza alikuwa anacheka maneno hayo. Alikuwa mwanamke mufupi, sauti kubwa, tulikuwa tunakula kwake sombe, kisamvu chetu, na mikeke ya kuchoma tukitoka kazini, tumekaa chini, na yeye anasema na majirani juu ya ukuta: "Mutoto wangu anatembea juu ya maji, na katekisimu hajamaliza!" Lakini njo yeye pia aliyetupa lile katazo. Alilisema kila mara, anapakua chakula, hatuangalii: "Ukiitwa juu ya maji, mara ya kwanza nyamaza. Muntu wa kweli ataita tena. Kile kingine hakijui kuita mara mbili." Hata Kisimba alilishika. Gaston alicheka.

Kisha boti iligonga jiwe. Ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka, Gaston mwenyewe akiwa kwenye usukani, anaonyesha wageni. Hakuna aliyeumia. Akaja fundi kutoka Bujumbura, akalala tumbo chini ya boti asubuhi nzima, akaondoka. Boti ikarudi majini. Sauti yake ilikuwa imebadilika, nzito zaidi, inakohoa, na nyuma yake kulikuwa na harufu, lakini sisi tulitoka katika jiko la mbabula tatu. Harufu gani ingetushangaza? Nilichoona ni kingine, na nilikiona bila kukielewa. Madame Solange hakupanda ubao tena. Alikuja na boti kila asubuhi, kitambaa puani, anakaa mbele kabisa, uso kwa upepo, na watoto wake anawaacha kwenye baranda. Siku moja nikamuuliza kama anaumwa. Akakaza kitambaa puani. Akasema: "Maji yamekuwa baridi." Maji ya Tanganyika, mwezi wa Desemba.

Siku zile njo ziwa lilianza kuwa lingine. Ninasema nilivyoona. Ukikaa pale kwenye mahali padogo, karibu na boti, kunakuja utamu. Kelele ya motor inaenda mbali. Unaona miguu yako juu ya ubao na unafikiri ni ya dada yako. Jua linakuwa jeupe. Nilimuona mara moja muntu amesimama ndani ya wimbi, kando yangu, uso wake umegeukia chini, na sikuogopa, nilitaka tu kumupisha. Tukirudi jikoni vichwa vilikuwa vinatupasuka na tunatapika nyuma ya depo, mimi na Feza, tumeshikana mabega. Feza alikuwa anasema sauti ya mapezi sasa ina maneno. "Maneno gani?" "Bado sijayashika. Yako karibu na boti. Nikisogea nitayashika." Na Gaston, kutoka ndani ya boti, kamera shingoni: "Karibia, Feza! Karibia zaidi! Hapo pazuri!"

Mimi njo nilianguka kabla yake. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka wimbi, kisha nakumbuka kidevu cha Feza juu ya kichwa changu na mukono wake chini ya kwapa langu, aliruka kutoka kwenye boti akanikamata nikiwa nazama na macho wazi. Walinilaza sakafuni pa boti. Gaston akanipa chai ya sukari na mukate wenye siagi.

"Hawa mabinti hawali asubuhi," akamuambia mugeni. "Nawaambia kila siku."

Nilikuwa nimekula viazi na maharagwe.

Wiki iliyofuata njo ilikuwa asubuhi ile niliyoandika mwanzo. Wageni wa Noeli walikuwa wamejaa, hakukuwa na upepo hata wa kuzima kiberiti. Feza alichukua Kisu. Kabla ya kuruka majini alipitisha kidole juu ya mapezi yake, akaniambia: "Leo nitasikia." Mengine nimeshayaandika. Nilizama kumutafuta mpaka damu ikatoka puani. Wavuvi walimupata kesho yake katika wavu wa ndagala, dagaa wa kwetu.

Nilimuosha pamoja na mama yake. Nataka watu walisome hili pole pole. Feza alikuwa amelala majini usiku wote, na midomo yake ilikuwa myekundu. Kucha zake nyekundu, viganja vyekundu, sawa muntu aliyetoka kukimbia, sawa bibi-arusi aliyepakwa hina. Wale wamama waliokuja kusaidia waliweka maji chini, wakatoka mumoja mumoja. Tulibaki wawili. Mama Feza alikuwa anamusugua kiganja na kitambaa, anasugua, anasugua, anafikiri ni rangi itatoka.

Na ubao haukuonekana. Siku tuliyorudi kutoka kaburini, watu wa daraja la Lukuga, pale ziwa linapotoka na kuwa mto, walisikia mwanamke anaimba katika matete. Waliita wengine. Mpaka mchana ukingo ulijaa, na kila muntu aliisikia, sauti ile ile, midomo imefungwa, haina mwisho, haipumui. Mimi niliijua. Mukondo ulikuwa umeukamata ubao, umeubana kati ya matete mapezi chini, na maji yanapita. Nilisema. Nilipiga kelele: "Ni mapezi! Ni sufuria ya Kaseba!" Lakini Pasteur Samweli alikuwa amefika na Biblia yake juu, na nani atamusikiliza muosha vyombo? Alisema Feza hajafa, ameolewa majini. Alisema rangi ile njo pete yake. Alisema, na alinyoosha kidole, nilikiona: "Hakuna mutoto anayechukuliwa bila mama kupokea." Niliingia majini na nguo zangu mpaka shingoni, nikashika ubao, nikaung'oa. Sauti ikakatika. Na watu wote wakarudi nyuma, sawa mulango umefungwa mbele yao. Juu sasa walikuwa wameona kwamba mimi njo ninajua kuinyamazisha.

Juma lile waliangusha ukuta wa Mama Feza, ule aliokuwa anasemea na majirani. Vyombo vyake waliviweka barabarani, sufuria juu ya sufuria, kwa heshima ya ajabu, hakuna aliyetaka kuvigusa sana. Gaston hakuja kwenye kilio. Alituma muntu kusema kwamba "mambo ya mila" hayaingilii. Muda si murefu akafunga nyumba, akauza boti, akaenda na Solange wake Lubumbashi. Mama Feza akaenda Katanika, mahali ambapo hakuna aliyemujua, na baadaye wakimbizi walipokuja na maturubai yao walimukuta pale, na wao njo walimuita tena Mama Feza bila kutema mate. Alikuwa anauza maandazi. Hakurudi kutazama ziwa mpaka kufa.

Jambo la moshi nililijua kwa kuona kucha. Miaka imepita, mvua ya usiku, jirani yangu alilala na watoto wake na mbabula ndani, mulango umefungwa juu ya baridi. Waliniita kuosha. Nilipofunua kiganja cha mutoto wa kwanza, nilikaa chini. Nyekundu ile ile. Midomo ile ile. Hakuna mamba muntu katika chumba cha matofali. Lakini nilijiambia: ziwa halina mulango. Nani atafikiri kwamba mahali papana vile, mpaka huoni ng'ambo, muntu anaweza kufa sawa katika chumba kilichofungwa? Sikuwa na wa kuuliza. Nilikaa na kiganja kile kichwani.

Basi, kwenye kilio cha Mama Feza nilikuwa nasonga bugali, na nyuma yangu sauti ikasema: "Zawadi." Sikuitika. "Zawadi, ni mie."

"Mara ya pili njo naitika, Kisimba. Unajua."

Amezeeka. Masikio yameharibiwa na motor. Alikaa juu ya kigogo karibu na moto, akawa anaangalia mwiko wangu unavyozunguka.

"Ile bomba ya moshi," akasema. "Ilivunjika na jiwe. Ilikuwa inapeleka moshi chini ya maji, mbali. Fundi wa Bujumbura alisema mbele yangu: Patron, bila bomba hii moshi inakaa pale nyuma ya boti, inanaswa, na siku zisizo na upepo ni mbaya zaidi. Anayesimama pale karibu atalala. Usipandishe muntu mpaka bomba mupya ifike."

"Na Gaston?"

"Aliuliza kama inaua. Fundi akasema inaua."

"Na Gaston, Kisimba?"

Akasukuma ukuni ndani ya moto. Bugali ilikuwa inashika chini, nikaiacha ishike.

"Alisema wageni wa Noeli hawangoji bomba. Akasema: hawa wa jikoni wamezoea moshi ya makala. Akacheka. Na mie nikacheka."

"Juu ya nini ulicheka?"

"Alikuwa patron."

"Ulipomuona Feza amelala, ulijua?"

"Nilifikiri anashika katazo," akasema, na akalia, muzee muzima, bila kufuta. Sikumushika. Nilikuwa na mwiko.

Nimeandika jina lako, Kisimba, hata kama ulilia. Siku ikifika utasimama na kuyasema tena mbele ya watu. Solange, jina lako nimeliandika: maji hayakuwa baridi. Pasteur Samweli, una kanisa la bati jipya sasa, na vipaza sauti vinavyosikika mpaka port, kwenye meli. Uviwashe. Sema kwa sauti ile ile, kando ya Lukuga, pale uliponyoosha kidole, kwamba Mama Feza hakupokea kitu. Amekufa, hatasikia, lakini wajukuu wa wale waliobeba sufuria zake bado wanapita kule Katanika wakigeuza uso.

Na wewe Gaston. Wanasema una biro, ofisi yenye vioo, unashughulika na madini ya lithium ya Manono, na redioni unaitwa mheshimiwa. Jioni ya kilio Kisimba alinipa nambari yako. Nilipiga. Nilisema: ni Zawadi wa jikoni, tumemuzika Mama Feza. Nilisikia unapumua. Nilisikia feni. Kisha ukakata.

Sawa. Nilikuita na hukuitika. Pengine uliogopa si muntu anayeita. Pezi moja la Feza nilimuwekea mama yake kaburini, mengine mawili ninayo hapa mezani, hayajakwanguliwa. Njoo Katanika uyashike mukononi na useme mbele ya watu ni nini kilichomulaza yule binti. Mimi ni muntu, Gaston, niko hai, na hii njo mara ya pili.

Itika.